TOA WAYA MDOMONI MWA PUNDA WAKO

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayepeleka mzigo gulioni kwa mkokoteni wa punda, leo sitazunguka. Nazungumzia lijamu zetu za kienyeji: waya, kipande cha nondo kilichopindwa, au mnyororo wa baiskeli uliopitishwa mdomoni mwa punda ili "asikie". Msimamo wangu ni huu: kitu hicho kitoke leo. Hakimfundishi punda chochote, kinamharibu, na hasara ni yako.

Tuanze na mdomo wenyewe. Fungua mdomo wa punda umtazame. Kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo lisilo na meno. Hapo ndipo lijamu inapokaa. Ngozi ya sehemu hiyo ni nyembamba sana na chini yake ni mfupa moja kwa moja, hakuna nyama ya kupunguza uzito. Ulimi nao unabanwa. Sasa chukua waya mwembamba, uvute kwa nguvu zote za mikono miwili. Waya haugandamizi, unakata. Jaribu kubeba ndoo ya maji kwa waya mtupu bila mpini, mkono wako utakupa jibu.

Wengi mtaniambia: "Bwana mifugo, bila waya punda hasikii. Punda ni mkaidi." Na methali mnayo tayari, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mimi naona methali hiyo imetusaidia kuficha makosa yetu. Punda ana tabia moja ambayo farasi hana sana: akiogopa au akiumia, mara nyingi husimama badala ya kukimbia. Anasimama kwa sababu ya maumivu, wewe unaita ukaidi, unavuta zaidi, maumivu yanazidi, anazidi kusimama. Halafu unashika fimbo. Mzunguko huo umeuanzisha wewe.

Tena punda ni mvumilivu mno, haoneshi maumivu mapema. Ukiona dalili hizi, ujue tatizo ni la siku nyingi:
- Anatupa kichwa juu kila ukigusa kamba.
- Anaacha mdomo wazi au ulimi unaning'inia pembeni.
- Mate yana damu au yananuka.
- Anatafuna polepole na kudondosha mabonge ya majani.
- Anakwepa ukitaka kumshika masikio au uso.
- Pembe za mdomo zina makovu, au puani kuna nywele nyeupe mahali kidonda kilipopona.

Punda asiyetafuna vizuri anakonda, na aliyekonda havuti. Piga hesabu, kwa sababu hapa ndipo fedha yako ilipo. Mimba ya punda ni takriban miezi 12, na mtoto hafai kupewa kazi nzito kabla ya kufikisha miaka mitatu hadi minne. Yaani kumpata mwingine kwa kuzalisha ni kusubiri karibu miaka mitano. Biashara ya ngozi imewala punda wengi Afrika, hadi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mnyama anayelindwa na bara zima, wewe unammaliza kwa kipande cha waya?

Kuna hoja nyingine ambayo ina uzito kidogo: "Nikishuka mlima na mzigo, nisipovuta mdomo mkokoteni utaniua." Hapo umesema ukweli bila kujua. Waya umegeuzwa kuwa breki. Lakini punda hawezi kuzuia mkokoteni kwa mdomo wake. Mzigo unamsukuma kwa nyuma, wewe unamvuta kwa mbele, naye amebanwa katikati. Kinachozuia mkokoteni ni mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja, chini ya mkia, na kufungwa kwenye miti miwili ya mkokoteni. Mkokoteni ukitaka kumpita, punda anaukalia kwa makalio na kuuzuia kwa mwili mzima. Mikokoteni mingi ninayoiona haina mkanda huo. Fundi aliyekuuzia mkokoteni bila mkanda wa nyuma amekuuzia gari bila breki. Mrudishie au shona mwenyewe. Na mzigo upunguze.

Badala ya waya, tumia hatamu ya kichwa isiyo na kitu mdomoni. Ni kazi ya saa moja:
1. Tumia mkanda bapa wa pamba au turubai laini. Kamba nyembamba ya nailoni inachoma ngozi.
2. Mkanda wa pua ukae juu ya mfupa, upana wa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka hadi kwenye nyama laini ya pua utamzuia kupumua.
3. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na pua. Chini ya koo ipite ngumi nzima. Magego ya juu huota ncha kali upande wa nje, hivyo mkanda uliobana unasukuma shavu kwenye ncha hizo na kumkata kwa ndani.
4. Weka pete mbili pembeni mwa mkanda wa pua, ufunge kamba za kuongozea hapo.
5. Mfundishe asubuhi, siku kadhaa mfululizo, mkokoteni ukiwa mtupu. Mtu mmoja atembee pembeni ya kichwa, mwingine nyuma na kamba. Neno liwe moja la kwenda na moja la kusimama. Akisimama, legeza kamba hapo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha.

Kama tayari ana kidonda, mpumzishe hadi kipone. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake oili chafu wala maji ya betri. Punda hushambuliwa kirahisi na pepopunda, na waya wenye kutu ni mlango wake, hivyo mwite afisa mifugo mapema.

Sikatai kwamba wapanda farasi hutumia lijamu. Ya kwao ni chuma kinene, laini, kilichopimwa upana wa mdomo wa mnyama, na mkono unaoishika umefundishwa. Bado hata hiyo huumiza ikitumiwa vibaya. Usijifananishe nao ukiwa na waya wa uzio.

Mwisho, kwa wale wanaoajiri vijana kuendesha mikokoteni: usimlaumu kijana kama wewe ndiye uliyempa waya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na kusema "ndivyo tulivyozoea" si utetezi. Kiswahili kinasema mtu ameshika hatamu pale anapoongoza. Hakuna aliyewahi kusema ameshika waya. Kesho kabla ya kufunga mzigo, fungua mdomo wa punda wako na uangalie.