Biashara ya coltan imefundisha nani?



Wenye kusoma wanasema kampuni za inchi maskini zinajifunza kazi zikiuza inje: mununuzi wa mbali anaomba kitu kizuri, na muuzaji analazimika kujua zaidi. Ni kweli. Lakini huku kwetu nani amejifunza?

Tukumbuke. Mwezi wa saba 2010, Marekani iliweka sheria kampuni zao zichunguze kama madini yao yanatoka Kongo ama kwa majirani. Mwezi wa tisa, Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, mupaka mwezi wa tatu 2011. Familia nyingi zililala njaa. Kisha etiketi zikafika Rubaya. Comptoir za Goma zikazoea kuandika kila mufuko, kupima tantale kwa mashine, hata kuangalia urani na toriamu, sababu muzigo wenye mionzi mingi ni shida kuusafirisha.

Masomo yakasimama kwenye mulango wa comptoir. Ule anashuka mu shimo bado anauza kwa macho tu. Négociant anamwambia teneur ni 20. Kama kwa kweli ni 30, tantale imezidi kwa nusu, na hiyo nusu njo chakula na minerval ya watoto.

Tuangalie wakulima wa kahawa wa Minova. Zamani walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi mupaka Rwanda, kwa bei ya bure, na wengine walizama mu ziwa. Koperative yao, Sopacdi, ikajenga fasi ya kuosha kahawa, ikafundisha watu wake kuchagua mbegu nzuri, na ikauza Ulaya. Ujuzi ulibaki mikononi mwa wakulima wenyewe.

Na sisi tuombe vitu vitatu. Koperative zichange pamoja, zinunue mashine ya kupima. Ni maelfu ya dola, lakini tuko wengi. Teneur iandikwe kwenye risiti, na jina la mwenye kupima. SAEMAPE, ile serikali iliweka kwa kusaidia muchimbaji mudogo, ije itufundishe kusoma hizo namba.

Kesho ukipeleka mufuko, mbele ya kusema bei, uliza: teneur ni ngapi, na nani amepima?