Mgonjwa wa saratani si ombaomba



Leo tunamchangia mama wa Faza, kesho mzee wa Kizingitini. Nauli, dawa, pa kulala Mombasa. Kuchanga ni jambo jema, Mungu atulipe. Lakini si tuliambiwa kuna bima? Mbona bado twapitisha bakuli?

Tuseme wazi. Tangu Oktoba 2024 tuko SHA, NHIF imezikwa. Mwenye mshahara anakatwa kila mwezi. Asiyeajiriwa akapangiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo mmoja: kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Aliyepanga hivi haijui kusi. Kusi ikivuma bahari inachafuka, mashua ziko juu, mfukoni hakuna kitu. Mke wa mvuvi ako katikati ya kemotherapi na bima inaisha. Saratani itangoja kaskazi? Baadaye wakaleta mkopo wa kulipia bima. Yaani maskini akope ndipo atibiwe!

Halafu kuna kikomo. SHA ilipoanza, saratani ilitengewa 550,000 kwa mwaka: 400,000 za bima, 150,000 za hazina ya magonjwa sugu. Na hizo ni za kaya nzima, si za mgonjwa mmoja. Zikiisha, uza shamba, uza mashua. Boti mpaka Mokowe na basi zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, hayo hayamo kwenye hesabu kabisa.

Watatwambia serikali haina pesa. Katiba, kifungu cha 43, haikusema afya ni haki ya mwenye payslipu.

Kwa hivyo tunadai matatu. Mvuvi na mkulima walipe kidogo kidogo bila mkopo. Mgonjwa aliyeanza matibabu asikatwe njiani. Na wawakilishi wadi watenge pesa za bima na nauli kwa wasiojiweza, tena kwenye bajeti, si kwenye hotuba za mazishi.

Na sisi tufanye letu. Mgonjwa wenu akiambiwa bima imekataa, msiondoke kimya. Kifungu cha 47 kinawapa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Idaini, piga picha, weka nakala. Vikao vya bajeti vikiitishwa, twende na karatasi hizo mkononi.

Sadaka tutaendelea kutoa. Lakini haki haiombwi kwa bakuli.

Sambaza mpaka Kiwayu.