Mlinzi wa Seli Auawaye Mlangoni

Akina mama wengi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hawaendi kituo cha afya pasipo maumivu. Haishangazi. Mtu aliyekimbia Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia akaanza maisha upya ana mengi ya kushughulikia: maji, kuni, shamba, foleni ya mgao. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara iko mbali, na nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya kulishia watoto. Basi mama husubiri hadi aumwe. Kwa saratani ya mlango wa kizazi kungoja huko ni hatari kubwa, na sababu yake imo ndani ya seli zenyewe.

Katika seli za binadamu mna jeni iitwayo p53. Jeni hiyo hutengeneza protini ya jina hilo hilo, ambayo yafaa kufananishwa na askari wa zamu. Maandishi ya urithi ya seli yakiharibika, protini hiyo huizuia seli isigawanyike mpaka yarekebishwe. Uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife. Protini hii ilitambuliwa mwaka 1979, na kwa miaka kadhaa wataalamu waliidhania kuwa mchochezi wa saratani. Kumbe ni kizuizi chake.

Virusi vinapovamia, seli hutoa interferoni, kitu kilichogunduliwa London mwaka 1957. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo. Ikilia kuna jambo. Mwaka 2003 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba interferoni huiamsha jeni ya p53 itengeneze protini kwa wingi, ili seli iliyovamiwa iwe tayari kufa kabla virusi havijazaana.

Virusi vya papiloma, viambukizwavyo kwa kujamiiana, vina hila. Havisambai katika damu wala havileti homa. Hujificha katika utando wa mlango wa kizazi na kuififisha mbiu. Kisha protini yao iitwayo E6 huikamata p53 na kuitia alama ya takataka, na seli yenyewe huivunjavunja. La kusikitisha ni kwamba jeni ya p53 aghalabu ingali nzima. Askari wapya huletwa kila siku, na kila mmoja huuawa mlangoni. Katika maabara, E6 ilipozuiwa, p53 ilirejea na seli za saratani zikaacha kukua.

Miili ya wanawake wengi huviondoa virusi hivi katika mwaka mmoja au miwili. Vikibaki, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujengeka; kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, 5 hadi 10. Muda wote huo mama haumwi popote. Hii ndiyo saratani iwapatayo wanawake wa Uganda kuliko nyingine zote, zaidi ya 6,000 kila mwaka kwa makadirio.

Njia mojawapo ya uchunguzi huitumia siki, karibu sawa na ile ya jikoni. Muuguzi hupaka asidi yake, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi yaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika chache. Haya ya kuvua nguo mbele ya mgeni inaeleweka, lakini mume amzuiaye mkewe kwa ajili hiyo hana hoja.

Kwa mabinti iko chanjo, ambayo huzuia aina zilizo hatari zaidi za virusi hivi zisiingie. Ilijaribiwa mwaka 2008 wilayani Ibanda, iliyokuwa sehemu ya Mbarara hadi 2005, na Novemba 2015 ikaenezwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10. Uvumi kwamba huleta ugumba si kweli. Saratani ndiyo iondoayo uzazi. Binti aliyefika Nakivale akiwa na miaka 12 hajachelewa kimwili, kwani Shirika la Afya Duniani huwalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, na mama yake hana budi kuuliza kituoni habari zake.

Na damu itokayo baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, isiitwe uchovu wa shamba. Nauli ya Mbarara itafutwe wiki hiyo hiyo.