Usiliite Kila Bega Baridi Yabisi

Mkulima, ng'ombe wako akichechemea asubuhi, jua halitui kabla hujamwita bwana mifugo. Lakini bega lako mwenyewe limekuuma tangu palizi ya mwaka jana, nawe husemi ila "ni baridi yabisi tu," ukapaka mafuta ya kuchua ya dukani na kulala. Mimi naona hii si haki kwa mwili uliolima shamba lote hilo.

Jina la baridi yabisi limefunika magonjwa mengi. Bega laweza kuuma kwa sababu gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, imelika, na mfupa unasuguana na mfupa. Au kano zinazoinua mkono zimechanika kwa miaka ya kubeba mikebe ya maziwa. Au bega limeganda tu, hata bila kuanguka wala kugongwa. Hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na hasa wenye ugonjwa wa sukari. Dawa ya moja si dawa ya jingine.

Daktari hatambui kwa mashine tu. Kwanza atakwambia uinue mkono mwenyewe, kisha atauinua yeye. Ukishindwa wewe lakini yeye akauinua vizuri, atashuku kano. Mkono ukikataa hata mikononi mwake, hasa kuugeuza nje, basi huenda taabu imo katika kiungo chenyewe. Hapo picha ya eksirei husaidia: bega lililolika huonyesha mifupa imekaribiana na vipembe vimeota kandokando, lakini lililoganda kwa kawaida huonekana zima. Damu nayo hupimwa sukari, na yale maradhi yanayovimbisha viungo vingi, hata vidole vya mikono yote miwili. Ikiwa una homa ya kuja na kuondoka na jasho la usiku, mwambie kama hunywa maziwa mabichi, kwani brusela, ugonjwa ule unaotoa mimba za ng'ombe, huingia viungo vya watu pia.

Bega likivimba ghafula likawa moto, nawe una homa, usingoje siku ya soko. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiumwa bega huku kifua kinabana.

Gegedu iliyokwisha kulika hairudi, na anayekuuzia chupa ya kuirudisha anakula fedha zako. Hata hivyo maumivu hupunguzwa. Vidonge vina kazi yake, ila kuvimeza kila siku kwa miezi bila kupimwa kwaweza kutia vidonda tumboni, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Sindano ya begani hutuliza kwa majuma au miezi. Upasuaji wa kuweka kiungo cha bandia upo, nao ni wa wale walioshindwa na mengine yote.

Lakini kosa ninaloliona mara nyingi ni kufunga mkono kwa leso majuma mengi, "upumzike." Bega lisilosogezwa hukauka, na kulilegeza tena ni kazi ya miezi. Daktari akikwisha kulikagua na kukuruhusu, inama mbele, shika meza kwa mkono mzima, acha ule mgonjwa uning'inie, uuzungushe polepole kama kengele. Kisha simama mbele ya ukuta, upandishe vidole kidogo kidogo kama buibui mpaka maumivu yakuzuie. Tia alama ya makaa pale vilipofika, na kesho jaribu kuipita. Mikebe ya maziwa, kwa wakati huo, ibebwe na vijana.