Injini Inaponuka, Nani Aseme?

Kuna desturi moja ya safarini ambayo mimi naona yafaa tuiache. Basi limejaa watu, wote wanasikia harufu ya kitu kinachoungua, wala hapana hata mmoja afunguaye kinywa. Mzee anaziba pua kwa kofia yake, mama anamfunika mtoto kwa kanga, vijana wanatazamana na kucheka. Ukimwuliza mtu kwa nini hasemi, atakujibu, "Dereva ndiye mwenye gari, naye ana pua." Jibu hili lina adabu, lakini halina akili. Dereva aliyekaa na harufu ile tangu alfajiri, pua yake imekwisha kuizoea na huenda haisikii tena. Abiria aliyepanda sasa hivi ndiye mwenye pua mpya.

Sisemi kwamba kila harufu ni moto. Harufu za gari hazifanani, na mtu aliyejifunza kidogo aweza kuzitenganisha kama mpishi atenganishavyo iliki na karafuu.

Tuanze na oili, maana hiyo ndiyo tuikutayo mara nyingi. Juu ya injini pana kifuniko, na chini ya kifuniko hicho pana gasketi. Gasketi ikikauka kwa joto la miaka mingi, oili huvuja kidogo kidogo na kudondokea bomba la moshi, ambalo joto lake hufika mamia ya digrii. Harufu yake ni nzito, kama mafuta yaliyosahauliwa kikaangoni, nayo husikika zaidi gari likisimama, kwa kuwa upepo wa mwendo haupo tena wa kuipeperusha. Wengi huongeza oili kila asubuhi wakadhani wametibu. Kumbe dawa ni kuliacha gari lipoe, kufungua boneti, kuifuta injini mpaka iwe safi, kisha kuiwasha kwa muda. Ndipo utakapoona oili mpya yatokea wapi. Ikiwa gari limebadilishwa oili jana tu na fundi akamwaga kidogo, harufu hiyo itakwisha yenyewe baada ya safari fupi, basi usikubali kuuziwa gasketi usiyoihitaji.

Mpira unaoungua mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea au puli iliyokwama. Harufu tamu tamu ni ya maji ya rejeta yenye dawa ya kupozea. Hapo usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta kingali na moto, maana maji yaliyobanwa humo huwa yamepita digrii 100 na yatakurukia usoni. Harufu ya petroli haina mjadala: zima injini, shukeni wote, na asiwashe mtu kiberiti.

Harufu nyingine hulaumiwa injini bure. Anayeshuka mlima wa Kitonga, katika njia ya Iringa, mguu wake ukiwa juu ya breki tangu kileleni, atasikia harufu kali ya kuchoma pua kutoka magurudumuni. Hizo ni breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena. Ilimpasa aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Akiisha kuisikia, asimame mahali pa salama angali anaweza, azingoje zipoe, wala asizimwagie maji.

Lakini harufu ninayoichukia kuliko zote ni ya plastiki inayoungua, kwa kuwa ni harufu ya waya, na aghalabu mwenye kosa ni mtu. Fyuzi imekatika, badala ya kutafuta sababu, mtu huchukua uzi wa waya wa shaba akaunganisha, taa zikawaka, naye akasifiwa kuwa fundi hodari. Wanafunzi wa Fizikia wanajua ya kuwa umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, joto huongezeka mara nne. Fyuzi ya ampea 10 imewekwa ili ife yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiiondoa, umeufanya waya wote wa gari kuwa fyuzi, nao umepita nyuma ya viti na karibu na mpira wa petroli. Mtu wa namna hii mimi simwiti fundi, hata akiwa na spana mia.

Harufu ya plastiki ikisikika, zima injini, na anayejua achomoe waya wa betri. Moshi ukitoka chini ya boneti usiifungue wazi kwa pupa, kwa maana hewa itaulisha moto; watu wasogee mbali kwanza, na mtungi wa kuzimia moto utumike kwa kupitishia penye nafasi ndogo. Mizigo iachwe. (Na mtungi wenyewe uwe na kitu ndani, usiwe pambo la kuwaonyesha askari.)

Wengine watasema magari yetu yametumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu, basi hayakosi kunuka. Sikubali. Gari kuukuu lililotunzwa halinuki kuungua, na gari jipya lenye uzi wa shaba mahali pa fyuzi laweza kuteketea.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wazazi wanaotuleta shuleni wakati wa kufungua muhula wasituambie tunyamaze tukisema, "Baba, kuna kitu kinanuka." Na walimu wetu wa Fizikia, kwa idhini ya Mkuu wa Shule, watupe saa moja ya Jumamosi kando ya gari la shule, boneti ikiwa wazi na injini ikiwa baridi, tuonyeshwe gasketi, mkanda na sanduku la fyuzi. Matambara ya kufutia tutaleta wenyewe.