Kuacha Tulichokiamini Nako ni Kusoma

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inajulikana kwa seminari yake na kwa mitambo ya uchapaji iliyotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Mahali kama hapo hutufanya tuione elimu kuwa kazi ya kuongeza: kitabu juu ya kitabu, somo juu ya somo. Katika afya, kuongeza peke yake hakutoshi. Hakuna anayefika darasani au zahanati akiwa na kichwa kitupu. Na somo jipya likiwekwa juu ya imani potofu isiyong'olewa, imani ile ndiyo itakayotawala saa ya hatari.

Chukua degedege. Katika sehemu nyingi za Tanzania imeaminika kwamba mtoto anayetetemeka na kupoteza fahamu ameingiliwa na shetani, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Kwa sababu hiyo hufukizwa kwanza nyumbani, na hospitali huja baadaye. Tusiicheke imani hii kabla ya kuielewa. Mtoto aliyecheleweshwa hufika malaria ikiwa imeshapanda ubongoni. Hudungwa, na pengine hufariki. Macho ya wazazi hayakudanganya. Kilichokosea ni tafsiri. Kilichoua ni ugonjwa uliopewa muda, si sindano. Mama anayeambiwa tu kwamba hayo ni mambo ya kizamani hajapewa maelezo mengine ya kifo alichokishuhudia, naye atabaki na yale aliyokuwa nayo.

Wala kosa hili si la wasiosoma. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857 kwa njia ya misafara, yeye na mwenzake Speke wakiandamwa na homa. Mwaka mmoja kabla, katika kitabu cha safari yake ya nchi ya Wasomali, alikuwa ameandika kwamba wenyeji huko husema kuumwa na mbu huleta homa kali. Yeye aliiita kauli hiyo ushirikina. Wasomi wa zama zake waliamini kwamba homa hutokana na hewa chafu. Jina lenyewe malaria, kwa Kiitaliano, maana yake ni hewa mbaya. Ilipofika 1897, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India. Ukweli ulikuwa umeshasemwa mbele ya msomi, lakini elimu yake ilimzuia kuupokea.

Nasi wahudumu wa leo tunayo ya kwetu. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba kati ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kweli, Tabora ina mzigo mkubwa: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 23 ya watoto wadogo wa mkoa huu. Hata hivyo, majibu yakionyesha hakuna malaria na mhudumu akaandika dawa ya malaria, nimonia au maambukizi ya damu hupata nafasi ya kuua.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya afya visiishie kuuliza mwanafunzi ameongeza nini. Vimuulize pia ameacha nini, na kwa ushahidi gani. Mhudumu amsikilize mzazi mpaka ajue aliona nini, kisha ampe maelezo yanayolitosha tukio lile. Na mzazi asione haya kuuliza: "Mtoto amepimwa? Majibu yanasemaje?" Mtoto akishikwa na degedege, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe kituoni mara moja. Sindano anayoogopewa nayo ndiyo huenda ikamponya.