Soka Siyo Kipimo cha Kila Mtoto

Nimeisoma makala inayodai kwamba mtoto asiyeng'ara kwenye soka hana kipaji cha michezo, basi abaki na vitabu vyake. Sikubali hata kidogo.

Tuitazame Saudi Arabia, ambako Riyadh hukesha kwa klabu za soka za Al-Hilal na Al-Nassr, na Jeddah kwa Al-Ittihad na Al-Ahli. Hadi Paris 2024 nchi hiyo ilikuwa na medali 4 za Olimpiki, na hakuna hata moja ya soka: mbili za farasi, moja ya karate, moja ya mbio za kuruka viunzi. Hiyo ya viunzi aliileta Hadi Al-Somayli kutoka Sydney mwaka 2000. Alikimbia mita 400 kwa sekunde 47.53, akaikosa dhahabu kwa sekunde 0.03 tu. Mpira ungemgundua wapi?

Na wasichana je? Masomo ya michezo katika shule zao za serikali yaliidhinishwa mwaka 2017. Wengi waliotangulia hawakupewa hata nafasi ya kujaribu. Tuseme hawakuwa na vipaji? Mbona Dunya Abutaleb, binti wa Kisaudi, alifuzu kwenda Olimpiki ya Paris kwa taekwondo?

Wazazi wenzangu mlioko Riyadh na Jeddah, jioni joto likipungua mpelekeni mtoto bwawani, kwenye judo, kwenye riadha. Akiukataa mchezo mmoja, mjaribisheni mwingine kabla hamjamhukumu.